KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: FUNZO LA PICHA YA MAJASUSI

(Hotuba iliyotolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi mbele ya wazee na vijana wa Chama)



Juma lililopita tulitundika shuka nyeupe katika ukumbi wa tawi letu tukaonyesha picha ya sinema ya Kijerumani iitwayo "Spione", maana yake Majasusi. Ni picha bubu, haina sauti ila maneno yanayoandikwa kati ya tendo na tendo, nasi tuliyasoma kwa Kiswahili mbele ya watu. Ukumbi ulijaa hata madirishani. Kesho yake mzee wetu mmoja alitujia, na baada ya kupokea shikamoo zetu akatuuliza: "Wanangu, kazi ya Chama ni kuandikisha watu na kukusanya ada. Hii picha ya Wazungu wa zamani yatuhusu nini?"

Swali hilo ni la haki, na mzee anapouliza hatuna budi kumjibu. Basi leo tumesimama kulijibu. Tutaeleza kwanza picha yenyewe, kwa ajili ya wale waliokosa nafasi. Kisha tutaeleza ilitoka wapi na imezaa nini duniani. Mwisho tutasema jambo moja linalotuhusu sisi wenyewe wa tawi hili, nalo si la kujisifu.

Picha hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Machi 1928. Aliyeiongoza ni Fritz Lang, mzaliwa wa Vienna, na aliyeiandika ni mkewe, Thea von Harbou. Yaanza kwa kasi ambayo hata leo yashangaza. Sanduku la chuma lafunguliwa na mikono iliyovaa glavu. Hati za serikali zaibwa. Minara ya redio yapeleka habari. Mkubwa mmoja apigwa risasi ndani ya motokaa. Serikali yapigwa butwaa, na mtu mmoja auliza: ni nani aliye nyuma ya mambo haya yote? Papo hapo uso wa mtu watokea na kujibu: Mimi.

Mtu huyo ni Haghi. Mchana yeye ni mkurugenzi wa benki, mwenye heshima zake, kiwete anayekaa katika kiti cha magurudumu. Kumbe benki ni kifuniko tu. Chini yake na nyuma yake mna ofisi nzima ya ujasusi, yenye makarani, simu, na watu wasioitwa kwa majina. Serikali nayo ina mpelelezi wake hodari ambaye jina lake hatulijui; aitwa Namba 326. Haghi amtuma msichana Sonja amnase. Sonja aenda, lakini badala ya kumnasa, ampenda, na tangu hapo hawezi tena kumtumikia bwana wake kwa moyo mmoja.

Wakati huohuo mjumbe wa Japani, Daktari Matsumoto, analinda mkataba wa siri. Ni mtu mwerevu. Awapa matarishi watatu bahasha tatu, kila mmoja apite njia yake. Watarishi hao wauawa, na Haghi azifungua bahasha akuta magazeti matupu. Mkataba wa kweli amebaki nao Matsumoto mwenyewe. Lakini Haghi amekwisha mtuma msichana mwingine, Kitty, ambaye Matsumoto alimkuta mlangoni akiloa mvua, akamhurumia akamkaribisha nyumbani. Huyo ndiye aliyeuiba. Matsumoto, kwa aibu na kwa ajili ya roho za matarishi wake, ajiua kwa desturi ya kwao.

Namba 326 naye ategewa ndani ya garimoshi. Behewa lake, namba 33133, lakatwa likaachwa gizani ndani ya handaki ili treni nyingine iligonge. Aokoka. Benki yazingirwa na kupekuliwa, lakini Haghi hayumo. Mwisho wagundua kwamba mchekeshaji wa tamasha aitwaye Nemo, ambaye idara ya upelelezi ilimtumia na kumwamini kama Namba 719, ndiye Haghi mwenyewe! Siku zote alikuwa akila sahani moja na wanaomtafuta. Azingirwa akiwa jukwaani amevaa nguo za kichekesho. Ajipiga risasi ya kichwa, aamuru pazia lishushwe, na watazamaji wapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa, ilitoka wapi?

Haikutoka hewani. Mwaka 1913 katika jeshi la Austria palikuwa na Kanali Alfred Redl, aliyepata kuwa mkubwa wa kupambana na majasusi. Ikagundulika kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiuza siri kwa Warusi. Alipewa nafasi ya kujipiga risasi, akajipiga. Katika picha yumo Kanali Jellusic anayeuza siri za nchi yake na kuishia vivyo hivyo, na kila Mwaustria wa siku zile alimjua ni nani. Tena mwezi Mei 1927 polisi wa London walivamia ofisi za kampuni ya biashara ya Warusi iliyoitwa Arcos, wakidai ni pango la majasusi, na Uingereza ikakata ubalozi na Urusi. Habari hiyo ilijaa magazetini, na mwaka uliofuata tazama, picha ya ofisi ya biashara yenye ofisi nyingine nyuma yake! Hata uso wa Haghi, kwa ndevu zake, ulifananishwa na uso wa Lenin.

Na watu wa Berlin waliokwenda kuitazama walikuwa watu wa namna gani? Walikuwa watu walioshindwa vita mwaka 1918. Walikuwa watu ambao mwezi Novemba 1923 waliona dola moja ya Marekani ikibadilishwa kwa marki milioni milioni nne na zaidi. Mtu aliweka akiba ya maisha yake yote, akaamka asubuhi haimnunulii mkate. Mtu wa namna hiyo hujiuliza: ni nani aliyetufanyia haya? Sababu za kweli zilikuwa deni la vita, serikali kuchapisha noti bila mali, na ugomvi wa fidia. Lakini sababu hizo ni ngumu kueleza, wala hazina uso. Picha ikampa uso mmoja, nyuma ya meza moja, unaosema: Mimi.

Vijana wenzetu, tafadhali mlishike hilo, maana tutalirudia.

Tuseme kidogo juu ya uzao wa picha hii, kwa kuwa wengi wenu mmeona wajukuu wake pasipo kumjua babu. Mpelelezi anayeitwa kwa namba; kamera ndogo iliyofichwa nguoni; adui mkuu aliyekaa ndani ya ngome yake akiamuru kwa mashine; msichana aliyetumwa kumnasa mpelelezi akaishia kumpenda; hatari ya usiku ndani ya treni: yote yamo katika "Spione" ya 1928. Mwingereza Alfred Hitchcock, aliyefanya kazi Ujerumani katika miaka ya 1924 na 1925 na kujifunza mengi huko, alitengeneza "The 39 Steps" mwaka 1935 na "The Lady Vanishes" mwaka 1938, na wajuzi wa sinema huona humo mkono wa Wajerumani. Kisha mwaka 1962 ikaja picha ya kwanza ya James Bond, "Dr. No", na mwaka 1963 "From Russia with Love". Mkiitazama hiyo ya pili mtakuta adui anayeitwa Namba Moja, mtakuta msichana aliyetumwa na maadui na moyo wake ukageuka, mtakuta na treni. Nguo ni mpya, mwili ni uleule.

Picha yenyewe ilikuwa karibu ipotee. Ilikatwakatwa ilipouzwa nchi za nje, na asili yake haikuonekana tena. Ni baada ya mwaka 2000 ndipo wahifadhi wa Kijerumani wa taasisi ya Murnau walipoiunga upya kutoka nakala za zamani, nayo sasa yapita saa mbili na dakika ishirini. Ndiyo maana hata sisi, katika ukumbi wetu wa mabati, tumeweza kuiona.

Lakini sisi wana-Chama hatutazami picha kama mtoto anavyotazama mwanaserere. Tunauliza: mwenye mali ni nani? Kampuni kubwa iliyoitandaza picha hii iliitwa Ufa. Ilianzishwa mwezi Desemba 1917, katikati ya vita, kwa shauri la wakuu wa jeshi, Jenerali Ludendorff akiwa mbele, na fedha za mabenki, ili sinema iwe silaha ya kuwapa watu moyo wa vita. Baada ya vita ikawa kampuni ya biashara. Mwaka 1927 picha nyingine ya Lang, "Metropolis", ilikuwa imekula fedha nyingi mno, kampuni ikataka kufilisika, na tajiri Alfred Hugenberg akainunua. Huyu alikuwa tayari na magazeti mengi mkononi. Mwaka 1928 akawa kiongozi wa chama cha kizalendo cha mrengo wa kulia, na tarehe 30 Januari 1933 aliingia katika serikali ya kwanza ya Hitler akiwa waziri. Alidhani atamtumia Hitler. Haikupita miezi sita Hugenberg ametolewa nje.

Angalieni mzaha wa historia. Picha ilionya juu ya mwenye benki anayeshika nyuzi za nchi gizani. Wakati huohuo mwenye magazeti na sinema alikuwa akizishika mchana kweupe, na hakuna aliyempiga picha.

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 27 Februari 1933 Bunge la Ujerumani liliteketea kwa moto. Kesho yake ikatolewa amri kwamba nchi imejaa maadui wa siri, kwa hiyo haki za raia zimesimamishwa. Watu waliokwisha fundishwa kwa miaka mingi kuogopa mkono uliofichika hawakushangaa. Hatusemi sinema ndiyo iliyomleta Hitler. Huo ungekuwa upuuzi. Mwandishi Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha 1947, alijaribu kuonyesha kwamba picha za miaka ile zilikuwa kioo cha nia za Wajerumani, na wengine wamempinga. Sisi tunasema tu kwamba hofu ni kama ng'ombe aliyefugwa: akija mwenye kamba, hufuata.

Na wale wawili walioitengeneza? Mwezi Machi 1933 picha nyingine ya Lang, juu ya mkuu wa wahalifu Daktari Mabuse, ilipigwa marufuku na serikali ya Nazi. Lang akahama, akaenda Ufaransa kisha Marekani, ambako alifariki mwaka 1976. Alipenda kusimulia kwamba waziri Goebbels alimwita ampe uongozi wa sinema zote, naye akatoroka usiku uleule. Wachunguzi wameiona hati yake ya kusafiria, nayo yaonyesha aliingia na kutoka Ujerumani mara kadhaa hata mwezi Julai. Mtu mkubwa naye hupamba hadithi yake. Ndiyo maana tunawaambia mpime kila neno, hata letu. Mkewe, waliyeachana naye mwaka huohuo 1933, alibaki, akajiunga na chama cha Nazi, akaendelea kuandika sinema chini yao. Nyumba moja, kitanda kimoja, kitabu kimoja, na njia mbili!

Baada ya vita nchi ikagawanyika. Katika Ujerumani ya Mashariki ikaundwa Wizara ya Usalama wa Taifa, ambayo mwaka 1989 ilikuwa na watumishi wapatao 91,000 wa mshahara, na wachongezi wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Mwaka 1992 majalada yalipofunguliwa, wako watu waliokuta kwamba aliyewachongea miaka yote ni rafiki wa chuoni, na yuko mama aliyekuta ni mume wake. Haghi wa picha alikuwa na benki moja. Serikali ile ilikuwa na kila ngazi ya kila nyumba. Na pamoja na masikio hayo yote haikusikia wananchi wanasema nini, ikaanguka.

Hata hapa kwetu kamera ilikuja mikononi mwa watu wenye nia zao. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanywa mpango wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, chini ya Major Notcutt. Zilifunza afya na kilimo, na mengine yalikuwa mema. Lakini aliyeamua Mwafrika aonyeshwe nini na asionyeshwe nini hakuwa Mwafrika. Kwa hiyo swali la nani mwenye picha si la Berlin peke yake.

Sasa twaja kwetu.

Miaka mitatu iliyopita habari za mikutano yetu zilikuwa zikitoka nje. Tukipanga jambo Jumamosi, Jumatatu wapinzani wetu wanalo. Tukaanza kutazamana. Palikuwa na kijana mmoja, msaidizi wa mweka hazina, mtu wa maneno machache. Alionekana jioni mbili akinywa chai na karani wa upande ule mwingine. Neno likaruka: jasusi. Mkutano ukaitwa. Ulichukua dakika ishirini. Hakuna aliyemwuliza walizungumza nini. Sisi tunaosimama mbele yenu leo tulikuwapo, nasi tuliinua mkono pamoja na wengine. Alitoa kadi yake mfukoni, akaiweka mezani taratibu, akatoka.

Habari ziliendelea kutoka. Ndipo tulipoanza kuchunguza kwa akili. Kumbe karani yule alikuwa amemposa dada yake, na zile jioni mbili walikuwa wakizungumza mahari. Na habari zetu? Hakuna aliyeziuza. Sisi viongozi tulikuwa tukizimwaga wenyewe, kwa kinyozi na barazani, kwa kutaka tujulikane kuwa tunajua mambo. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Sisi tulivua nguo za mwenzetu kumtafuta mdudu, naye alikuwa katika nguo zetu.

Tulikwenda kwake pamoja na wazee wawili kumtaka radhi. Alitukaribisha vizuri, mama yake akatupikia chai, akasema amesamehe. Kadi hakuirudia. Chama kimempoteza mtu aliyejua hesabu kuliko sisi sote.

Nasi tulipita chuo cha ualimu! Somo la mwanzo tulilofundishwa ni kwamba mtoto hapewi adhabu kabla hajaulizwa. Tulilijua kwa watoto, tukalisahau kwa mtu mzima.

Ndiyo maana tulipoiona "Spione" hatukuweza kulala. Tazameni tena nani ni nani. Namba 719, aliyeaminiwa na idara nzima, ndiye adui mwenyewe. Sonja, aliyetumwa na adui, ndiye aliyeokoa. Kama wakubwa wale wangehukumu kwa kutazama nani anaonekana na nani, wangemfunga Sonja na kumpandisha cheo Nemo. Na tazameni Haghi huwanasaje watu. Yule bibi wa kiungwana alinaswa kwa siri ya kuvuta afyuni. Kanali alinaswa kwa fedha. Mtu mwenye jambo la kuficha amekwisha funga kamba shingoni mwake. Lililobaki ni mtu wa kuivuta.

Basi, ndugu, tunaleta mashauri matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, hesabu za tawi zisomwe kwa sauti kila mwezi, senti kwa senti, mbele ya kila mwanachama atakayefika. Fedha iliyosomwa hadharani haiwezi kumnasa mtu.

La pili, mtu akimshtaki mwenzake kuwa msaliti, aandike shtaka na kutia sahihi, alete ushahidi, na mshtakiwa asikilizwe hadi mwisho kabla mkono wowote haujainuliwa. Asiyeweza kutia sahihi na anyamaze.

La tatu, sisi viongozi tuchunge midomo yetu. Siri ya mkutano ibaki mkutanoni. Lisilo siri litangazwe kwa wote, wasije watu wakanunua kwa uvumi kitu wanachostahili kupewa bure.

Mzee wetu aliyetuuliza yumo humu ndani, tunamwona. Baba, hilo ndilo jibu letu. Chama ni watu wanaoaminiana. Ada yaweza kukusanywa tena mwezi ujao. Imani ikivunjika, tumeona wenyewe, haikusanywi kwa risiti.

Na mwisho, wakumbukeni wale watazamaji waliopiga makofi wakati mtu akifa mbele yao, kwa kuwa hawakujua wanachokiona. Siku ile ya dakika ishirini, tulipomtoa mwenzetu, ukumbi huu nao ulipiga makofi. Tusiyasikie tena.

Umoja! Umoja! Umoja!